Chumba cha Mbele cha Baba Mwenye Nyumba

Kila tarehe moja, akishamaliza kukusanya kodi za wapangaji wanaolipa kwa mwezi, Baba Mwenye Nyumba alikuwa akijilipa kodi yeye mwenyewe. Alikuwa anaishi kwenye stoo ya uani, kati ya jiko na choo, chumba kisichotosha kitanda cha watu wawili, na stoo hiyo alijitoza kama alivyotutoza sisi. Alitoa noti kwenye mfuko wa shati, akazihesabu, akazitia kwenye kopo la maziwa ya unga, kisha akaandika kwenye kaunta buku lake: stoo, imelipwa. Mara ya kwanza kuona hivyo nilicheka mpaka ikabidi nimwombe radhi. Yeye hakucheka wala hakukasirika. Alinieleza kwamba mwenye nyumba akikaa bure kwenye nyumba yake atafika mwisho wa mwaka akidhani inamlipa, kumbe ni yeye anayeilipa.

Nilipanga kwake miaka saba, nikiwa mwalimu wa shule ya msingi, mgeni Morogoro mjini, nimetokea Turiani ambako wazazi wangu walikuwa wakifanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Katika miaka hiyo saba sikuwahi kujua alizaliwa wapi wala watu wa kwao ni akina nani. Hakuwa Mluguru, mke wake ndiye aliyekuwa Mluguru, wa Mgeta. Yeye alikuwa karani wa stoo kiwandani mpaka kiwanda kilipouzwa na wafanyakazi wakapunguzwa. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila mtu anauza kitu, hata sisi walimu tulikuwa tunaingia darasani na ndoo za maandazi. Wenzake walipopewa kiinua mgongo, wengine walinunua mashine za kusaga, wengine walifungua vioski, na mmoja alioa mke wa pili. Yeye alinunua kiwanja upande wa Kihonda, wakati huo kukiwa na majani na mashimo ya watu waliochimba udongo wa tofali.

Habari ya ile nyumba ilivyojengwa nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba naweza kuisimulia kama yangu. Ilikuwa nyumba ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, korido katikati. Kiinua mgongo kiliishia kwenye lenta, paa bado. Alikwenda benki kuomba mkopo, wakamtaka hati, naye alikuwa na karatasi ya mauziano yenye mhuri wa ofisi ya mtaa. Alirudi nyumbani akaandika kwenye kaunta buku: benki, nauli ya kwenda na kurudi. Ndiyo faida pekee aliyoipata huko, alisema, kujua bei ya nauli.

Bati alizipata kwa mkewe. Walipotolewa kwenye nyumba za kiwanda, mama huyo alipanda Mgeta kwenye shamba la ukoo wa mama yake, akalima kabichi na karoti, malori yakazipeleka Dar. Kwa misimu miwili aliteremsha pesa zote, na nyumba ikaezekwa. "Hizi bati unazoziona zote ni kabichi," Baba Mwenye Nyumba alikuwa akiniambia mvua ikinyesha. Kwenye daftari aliandika mkopo kutoka kwa mama, tarehe na kiasi. Lakini mama hakutaka kurudishiwa pesa. Alitaka chumba cha mbele. Walikubaliana kwamba siku nyumba itakaporudisha gharama zake, atateremka kuishi kwenye chumba hicho, kwa sababu baridi ya Mgeta ilikuwa imeanza kumwingia kwenye magoti na alitaka chumba kinachopata jua.

Kilichobaki tulikimalizia sisi wapangaji. Wakati huo mtu aliyeishiwa pesa katikati ya ujenzi alikuwa anapangisha vyumba ambavyo havijaisha: unalipa kodi ya mwaka mzima, na kodi hiyo hiyo ndiyo inayokununulia mlango, dirisha na plasta. Nilipokwenda kuulizia, chumba cha mbele kilikuwa na sakafu ya udongo na tundu mahali pa mlango. Alinipeleka mpaka kwa seremala nikauona mlango wangu ukipigwa randa. Nililala wiki mbili nimeziba tundu hilo kwa gunia. Na tangu siku ya kwanza hakunificha kitu. Aliniambia, mwalimu, chumba hiki kina mwenyewe, wewe unamshikia tu mpaka nyumba irudishe gharama. Nilikubali haraka sana, maana mwenye mshahara wa kwanza mkononi hana muda wa kufikiria miaka sita mbele.

Kuhesabu ndiko kulikuwa kuongea kwake. Mwaka wake ulikuwa na miezi kumi, si kumi na miwili. Miezi miwili alikuwa anaitoa kabla hajaanza hesabu yoyote, mmoja wa mafundi na mmoja wa chumba kulala wazi kati ya mpangaji na mpangaji. Jirani yake wa pili, aliyejenga kwa mwaka mmoja na kuweka vigae sebuleni, alikuwa akimcheka kwa mahesabu hayo ya kimaskini. Huyo jirani alihesabu miezi yote kumi na miwili, akakopa kwa watu kwa ajili ya vigae, na shimo la choo lilipojaa alikuwa hana hata pesa ya wachimbaji. Baba Mwenye Nyumba alimkopesha sululu. Sikumwona akimcheka, ila jioni hiyo aliimba kwa sauti ya chini akiwa anaosha vyombo vyake, na kuimba hakukuwa desturi yake.

Alikuwa na safu ya kila kitu. Chokaa, kitasa, balbu ya korido, misumari ya bati, vibarua wa kufyeka. Mita ya umeme ilikuwa moja kwa nyumba nzima, basi masikio yake yalikuwa yanasikia pasi ikichomekwa kutoka uani. Alikuwa anakuja kwenye mlango wako na kukohoa. Hakugonga, hakusema neno, alikohoa tu, nawe ulichomoa pasi ukaenda shuleni na gauni lenye mikunjo. Tulimsema vibaya sana mgongoni kwa sababu ya kikohozi kile, na mimi nilikuwa wa kwanza.

Lakini mtu huyo huyo alikuwa na mpangaji wa chumba cha mwisho, mama mmoja mjane aliyekuwa anachoma vitumbua barabarani, ambaye alilipa miezi minne ya mwanzo na baada ya hapo akawa analipa akipata. Mara nyingi hakupata. Sote tulisubiri aondolewe. Siku moja nilimsaidia Baba Mwenye Nyumba kujumlisha, macho yake yalianza kumsumbua, nikaona safu ya mchwa ina pesa nyingi kuliko safu ya mafundi. Nikamuuliza mchwa gani hao, mbona mbao zote nzima. Alifunga daftari. Baadaye nilikuja kugundua kwamba kila mwezi ambao mama wa vitumbua hakulipa, deni lake liliandikwa kwenye mchwa. Hakutaka kulipunguza kwenye mapato, kwa sababu hapo angelazimika kuandika jina.

Alikula peke yake. Sufuria moja, sahani moja, kigoda mlangoni mwa stoo. Ukimkaribisha chakula alikushukuru na kusema ameshakula, hata kama jiko lake halijawashwa. Wakati wa mpira wa redio wapangaji wote wa kiume walikusanyika koridoni na kelele zao, yeye alikaa kule kule uani na kuuliza matokeo kesho yake. Nilimhurumia, na nilikuwa mpweke kiasi hicho hicho nyuma ya mlango wangu mpya, ila kila mmoja wetu aliona aibu ya kumsogelea mwenzake.

Siku aliyochangamka ni Jumamosi, lori la mboga likishuka. Mkewe alikuwa anamtumia tenga: kabichi, karoti, njegere, mara nyingine matunda damu. Alipima kila kitu kwenye mizani ya kuazima, akaandika kwa bei ya sokoni kama nyongeza ya mkopo wa mama, halafu akatugawia sisi bure. Lori likipanda alimpelekea sabuni, sukari, mafuta ya taa na barua. Mama hakujua kusoma, dereva ndiye aliyekuwa anamsomea. Dereva huyo alinieleza kwamba barua zote zilikuwa za namna moja. Salamu, kisha imebaki miaka mitatu na miezi miwili. Salamu, kisha imebaki miaka miwili kasoro mwezi. Kulipotokea tatizo, bati kupeperuka au mpangaji kutoroka, miezi iliongezeka, naye aliandika hivyo hivyo bila kupunguza. Nilidhani ni ubahili wa maneno. Siku hizi nadhani alikuwa hajui namna nyingine ya kumwambia mkewe kwamba anamngoja.

Ilifika Juni ya mwaka wangu wa sita akajumlisha, akajumlisha tena, akaniita nijumlishe mimi. Nyumba ilikuwa imerudisha gharama zake zote, kiinua mgongo, kabichi, hata nauli ya benki. Alinunua soda mbili, akanipa moja. Jumamosi iliyofuata barua ilipanda Mgeta bila mwezi wowote ndani yake, imeandikwa tu kwamba gharama zimerudi.

Sasa nasema jambo ambalo sipendi kulisema. Wiki ile ile mwaka wangu wa kodi ulikuwa unaisha. Nilijua barua imepanda. Chumba cha tatu kulia kilikuwa kinaachwa wazi na fundi redio, ningeweza kuhamia huko kwa nusu siku. Lakini kilikuwa na giza na kilipakana na jiko, na mimi nilishazoea dirisha langu la mbele. Nikachukua pesa ya mwaka mzima, nikampelekea kama vile sijui lolote. Nilijiambia kwamba akitaka nihame ataniambia.

Aliziangalia noti zile muda mrefu. Shimo la choo lilikuwa limejaa, alikuwa anahitaji pesa ya kuchimba jingine. Mwishowe alizipokea, akaandika, akanipa risiti. "Tuseme mwaka mmoja wa akiba," alisema, akiangalia daftari badala ya mimi. Bila shaka alidhani mama angesubiri mpaka apate barua nyingine. Hakujua kwamba yule mama alikuwa ameshafunga godoro lake.

Aliteremka Jumanne, si Jumamosi. Nilimkuta barazani niliporudi kutoka shuleni saa nane mchana: mwanamke mrefu, mkavu, kitenge kimefungwa imara, amekalia godoro lililoviringishwa na kufungwa kwa kamba ya katani, miguu ameinyoosha mbele kwa sababu ya magoti. Dirisha langu lilikuwa juu ya kichwa chake. Nilimwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye mwalimu?"

Nikamwambia ndiye mimi. Alitikisa kichwa taratibu, akausogeza mguu wake mmoja ili nipite. Nikapita. Nikafungua mlango nilioununua mwenyewe, nikaingia, nikaufunga nyuma yangu.

Niliyasikia yaliyofuata kupitia ukuta na dirisha. Baba Mwenye Nyumba alirudi kutoka sokoni, alikokuwa akiwaandikia wachuuzi hesabu zao kwa malipo, akamkuta. Alimweleza habari ya choo, habari ya mwaka mmoja, kwa sauti ya mtu anayesoma kutoka kwenye kitabu. Mama hakubishana. Wakazunguka uani kwenda kuangalia stoo. Huko dirisha langu halikufika, lakini mama wa vitumbua alikuwa jikoni, na ndiye aliyenisimulia. Mgeni alisimama mlangoni mwa stoo akaangalia kitanda cha mtu mmoja, kigoda, kopo la maziwa. Akauliza kama ni kweli na hicho chumba anakilipia. Baba Mwenye Nyumba akasema ndiyo, kila tarehe moja.

"Basi mimi nitalala kwenye chumba cha nani?" mama akauliza.

Saa kumi lori lilikuwa linapanda na matenga matupu. Akabeba godoro lake kichwani mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani na madaftari ya wanafunzi mapajani, sijasahihisha hata moja, nangoja mtu agonge mlango aniambie nihame. Hakuna aliyegonga.

Mwaka wangu wa akiba niliumaliza, na siku yake ya mwisho nilihama. Nilisema nimepata uhamisho wa kwenda Turiani, na ni kweli niliupata, kwa kuuomba mimi mwenyewe. Chumba hakikupangishwa tena. Madalali walimfuata na watu waliotaka kukifanya duka, wakampandishia bei mpaka mara mbili, akawajibu kwamba kina mtu. Kila Jumamosi alituma ujumbe Mgeta. Na kila Jumamosi dereva aliteremka na jibu lile lile, kwamba mama anasalimu na anasema shamba la huku halijarudisha gharama.

Ilipita miaka mingi kabla sijarudi. Nilikuwa nimenunua kiwanja kidogo Turiani, nataka kujenga vyumba vitatu vya kupangisha, na katika dunia hii hapakuwa na mtu mwingine ambaye ningemwonyesha makisio yangu. Kihonda haikuwa na majani tena, nyumba zilikuwa zimebanana. Nilimkuta uani, kwenye kigoda, fimbo pembeni, amekonda, macho yamefifia. Nilimwamkia, akaitikia na kunitambua kwa sauti.

"Mwalimu," alisema. "Umekuja na daftari?"

Nilikuwa nimekuja nalo. Alinitaka nimsomee kwa sauti, saruji, mchanga, tofali, bati, mafundi, halafu kodi ya vyumba vitatu kwa miezi kumi. Kwenye miezi kumi alitabasamu. Akaniuliza shimo la choo liko wapi, sikuwa nimeliandika. Akaniuliza habari ya mchwa, tukacheka wote wawili, maana mama wa vitumbua alikuwa pale pale jikoni, mzee sasa, na bado hajalipa. Nilipomaliza akauliza mama yangu siku hizi anaishi wapi. Nikamwambia anaishi kwa dada yake, tangu baba afariki.

"Andika chumba cha mama yako kwanza," alisema. "Kabla ya vile vya kodi. Na usimtoze. Mimi nilianza hesabu upande wa pili."

Alitoa funguo shingoni akanifungulia chumba cha mbele. Ndani kulikuwa na kitanda cha mninga, kikubwa, chandarua kimekunjwa, kiti cha kuegemea, na sakafu iliyofagiliwa asubuhi ile. Harufu ilikuwa ya chumba kisicholaliwa. Akanionyesha na kaunta buku jipya, tarehe moja baada ya tarehe moja: stoo, imelipwa, mbele, imelipwa. Alikuwa akikilipia kodi miaka yote hiyo kwa pesa ya kuwaandikia wachuuzi. Nikauliza kama mama bado anajibu vile vile. Akasema bado. "Ni haki yake. Hesabu hiyo nilimfundisha mimi."

Hapo nilishindwa kujizuia. Nikamwambia kwamba siku ile nilikuwa ndani, nasikia kila kitu, nasubiri aniambie nihame.

"Na mimi nilikuwa nasubiri useme utahama," alisema.

Tulisimama pale, watu wazima wawili, kila mmoja akiangalia kitanda. Nilitaka kulia na nikalia kidogo, yeye akajifanya anakagua kitasa. Halafu akaniuliza swali ambalo nadhani alikuwa amelihifadhi siku nyingi. Alisema yeye hajawahi kulala chumba hiki wala kufungua dirisha lake asubuhi, na mama magoti yake hayawezi baridi. Wewe umekaa humu miaka saba, alisema, jua la asubuhi linafika kitandani?

Sikujua. Nilikuwa naondoka kwenda shuleni kabla halijachomoza vizuri, na Jumapili nilifunga pazia zito ili wapita njia wasinichungulie. Nilikuwa nimemnyima mwenzangu jua ambalo mwenyewe sikuwahi kuliangalia. Nilimwambia ukweli, kwamba sijui, na kwamba nitalala kwa mwalimu mwenzangu nirudi kesho tuangalie.

Nilirudi mapema. Tukafungua dirisha, tukakaa, yeye kwenye kiti na mimi chini. Jua lilipita juu ya paa la jirani, likaingia, likapiga sakafu na ukuta wa kushoto, hatua mbili kutoka kwenye kitanda. Tukakivuta pamoja. Kilikuwa kizito na yeye hakuwa na nguvu, ilituchukua muda, tukipumzika kila baada ya kukisogeza kidogo. Mwishowe jua likalala juu ya mto. Aliketi ukingoni mwa kitanda hicho kwa mara ya kwanza, akaweka mikono kwenye magoti yake, jua likampiga usoni, akafumba macho. Akaniomba nipite sokoni nimpe dereva ujumbe, kwa sababu yeye miguu haimfikishi tena huko.

Dereva alikuwa yule yule, kichwa kimeota mvi, anafunga turubai. Aliniuliza mzigo uko wapi. Nikamwambia hakuna mzigo, ni maneno ya Baba Mwenye Nyumba kwa mama: jua linafika kitandani. Alibaki ameshika kamba, akinisubiri niendelee.

"Na imebaki miezi mingapi?" aliuliza.

"Hakuna miezi," nikasema. "Mwambie tu jua linafika."